Visogo vya Alizeti

Tangu nistaafu, vijana wa maktaba wananipigia simu mara nyingi kuliko walivyokuwa wakinisalimia nilipokuwa nao. Wanauliza ufunguo wa kabati la ramani uko wapi, wanauliza gundi inapikwaje, na juzi Neema wa dawati la azima akaniuliza, "Shikamoo mama. Hivi ile habari ya alizeti ilikuwaje hasa? Kila mtu hapa anaisimulia kivyake." Nikamjibu kwamba habari ile haitoshi kwenye simu, nitaiandika. Basi hii hapa, Neema, na wenzako wasome. Vyeo sitavitaja. Vilikuwa vichache na vilichelewa.

Niliingia maktaba nikiwa binti aliyemaliza kidato cha nne, nimetoka Iramba na begi moja. Nilidhani kazi ya maktaba ni kukaa kitini na kusoma. Siku ya kwanza nilipewa kitambaa kibichi na ndoo. Upepo wa Singida mnaujua: unafunga madirisha asubuhi, mchana unaandika jina lako kwa kidole juu ya rafu. Nilifuta vumbi wiki nzima, na wiki ya pili nikaanza upya pale nilipoanzia.

Chumba cha nyuma alikaa Mzee Yusufu, mshonaji wa vitabu. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi uleule aliotumia kushonea. Vifaa vyake vilienea kwenye meza moja: sindano mbili nene, msumari wa kutobolea, kipande cha nta ya kupitishia uzi, na mawe mawili bapa aliyoyaokota kwenye majabali ya nyuma ya mji, ya kukandamizia kitabu kilichopakwa gundi. Gundi aliipika mwenyewe kwa unga wa ngano na maji yaliyochemshwa majani ya mwarobaini, ili wadudu wasiile. Neema, hayo ndiyo majibu ya swali lenu la gundi. Ukiweka unga mwingi, kitabu kitakuwa kigumu kama mkate wa juzi.

Mwezi wangu wa kwanza dawatini, mwanamke mmoja alirudisha kitabu chenye madoa ya mafuta kurasa nyingi. Nikamfokea mbele za watu. Mzee Yusufu alitoka chumbani kwake, akakichukua kile kitabu, akafungua kurasa taratibu kama daktari anayetazama ulimi wa mgonjwa.

"Huyu mama amesoma huku anapika," alisema. "Hapa palimnogea, kaunguza vitunguu. Unaona doa lilivyo kubwa? Binti, usimfokee tena msomaji aliyechafua kitabu. Kitabu kinachochakaa kiko kazini. Uogope kile kinachorudi kama kilivyokwenda."

Akamwomba radhi yule mama kwa niaba yangu, halafu akaniita ndani akanifundisha kushona. Nilishona naye miaka mingi. Alipostaafu aliniachia sindano moja, nyingine akaondoka nayo. Nilipokwenda kwao kuhani msiba wake, nilikuta amewashonea wajukuu madaftari yao yote.

Miaka ya katikati sitaisimulia sana. Niliazimisha, nilipokea, nilipiga muhuri wa tarehe mpaka nikawa naota muhuri. Baadaye tukapata gari, tukaanza kupeleka masanduku ya vitabu vijijini, mimi nikawa wa masanduku. Watoto waliniita Mama Maktaba. Nilijifunza kwamba sanduku ukiliacha shuleni wanasoma watoto peke yao, ukiliacha kanisani Waislamu wanaona haya kuingia, ukiliacha msikitini ni hivyo hivyo kwa Wakristo, na ukiliacha ofisi ya kijiji hasomi mtu.

Miaka michache kabla sijaondoka, tuliletewa mkuu mpya wa maktaba, Bwana Elia. Alikuwa kijana kwangu, msomi, mwenye adabu, anayepiga pasi hadi leso. Yeye ndiye aliyetujia na mpango wa kitabu kimoja. Msimu mmoja wa mvua, masanduku yote yangebeba kitabu kilekile, na kila kijiji kingekuwa na siku ya kusomewa kwa sauti, ili hata asiyejua kusoma asikie. Mwisho wa msimu, mwandishi mwenyewe angekuja kukaa na wasomaji.

Kitabu kilichochaguliwa ni hadithi ya kijana anayerudi kijijini kutetea shamba la marehemu baba yake, ambalo binamu zake wanataka kuliuza. Kilikuwa kimeandikwa vizuri. Jina lake silitaji. Mwandishi amekwisha kusahihisha, na si uungwana kuendelea kumtaja mtu kwa kosa aliloliombea radhi.

Tulizindua vizuri. Sisi ni hodari wa kuzindua. Palikuwa na ngoma, hotuba nne na soda. Kisha nikapakia masanduku nikaenda nayo Ihanja, Mgori, hadi Mitundu kule Itigi.

Baada ya wiki tano nilipita kukagua. Mitundu nilikuta sanduku chini ya meza ya mtendaji wa kijiji, limefungwa kufuli, ufunguo uko kwenye mfuko wa shati lake.

"Nimevitunza," aliniambia kwa fahari. "Hakijapotea hata kimoja."

Mgori vitabu vilikuwa vimeazimwa vyote, moyo wangu ukapanda. Vilipoanza kurudi, nilivifungua kimoja kimoja kwenye bodi ya gari. Kurasa zilikuwa zimeshikana kama zilivyotoka kiwandani. Mama mmoja alikuwa amekifunga chake kwenye nailoni na kukiweka juu ya kabati, karibu na vyombo vya wageni. Nilikumbuka kauli ya Mzee Yusufu. Vilikuwa visafi vyote.

Nilirudi mjini nikamweleza Bwana Elia ukweli. Alivua miwani, akanisogezea barua iliyotoka kwa wakubwa. Ilisema mwisho wa msimu mkaguzi angefika, na kama usomaji vijijini haujaonekana, masanduku yatarejeshwa na gari litapelekwa mkoa mwingine wenye wasomaji.

"Bi Veronika," alisema, "mimi ndiye niliyewaahidi. Wakiondoa gari, vijiji havitakosa kitabu hiki tu, vitakosa vyote."

Kesho yake nikaenda Ihanja, kwa sababu ndiyo ilikuwa zamu yake.

Ihanja tulikuwa tunasomea kwenye banda la mashine ya kukamua alizeti. Msimu ule mazao yalikuwa bado shambani, mashine imelala, na watu walikaa juu ya magunia matupu yaliyokunjwa. Msomaji alikuwa Mwalimu Lameki wa shule ya msingi, mtu mrefu mwenye sauti inayosikika hadi barabarani. Alisoma vizuri sana. Waliomsikiliza siku hiyo hawakuzidi ishirini, na wawili kati yao walikuwa wamekuja kukwepa jua.

Alifika ukurasa wa arobaini na saba. Yule kijana wa kwenye hadithi amefichua hati ya shamba, binamu zake wanamfukuza, amekimbilia ndani ya mashamba ya alizeti. Ni jioni, mbingu imefunga mawingu, jua halionekani, naye hajui barabara iko upande gani. Ndipo anainua macho na kuona maua makubwa yaliyokomaa yamegeuka yote upande mmoja, yakilisindikiza jua linalozama. Anajua huko ndiko magharibi, huko ndiko kwenye barabara. Anayafuata, anafika baraza la ardhi, anashinda.

"Si kweli," ilisema sauti kutoka nyuma.

Mwalimu akashusha kitabu. Aliyesema alikuwa Mama Khadija, mkulima wa alizeti, mama wa makamo mwenye kilemba cha kijani. Alikuja kila wiki na hakuwahi kusema neno. Alikuwa akipepeta mbegu za mboga kwenye ungo wake na hakuacha kupepeta.

"Nini si kweli, mama?" Mwalimu aliuliza.

"Ua lililofunguka haligeuki kufuata jua. Likiwa bado changa, halijafunguka, hapo ndiyo linageukageuka. Likishakomaa linatazama mashariki, asubuhi na jioni, mpaka linainama. Huyo kijana akiyafuata anarudi kulekule kwa binamu zake."

Watu wakacheka. Mwalimu Lameki alitabasamu kama anavyotabasamu mwalimu wa darasa la tatu.

"Mama yangu, hiki ni kitabu. Kimeandikwa na msomi, kikapitiwa na wasomi wengine, ndipo kikachapwa. Hata shuleni tunafundisha kwamba alizeti hufuata jua. Kitabu hakiwezi kukosea jambo dogo hivyo. Tuendelee."

"Mimi nimelima alizeti tangu sijaolewa," alisema Mama Khadija.

"Na hukujifunza kusoma tangu hujaolewa," mzee mmoja akadakia, na kicheko kikawa kikubwa. Mama Khadija alikusanya mbegu zake, akasimama, akatoka na ungo wake. Mwalimu aliendelea, lakini sauti yake ilikuwa imepungua. Mimi nilibaki nimekaa na aibu, maana nilikuwa nimetoka kwenye nyumba ya walima mtama na sikujua nani ana haki.

Sikupanda gari kurudi. Nilimfuata nyumbani kwake.

"Shikamoo mama," nilimwambia, ingawa tulikuwa karibu rika moja.

"Marahaba. Umekuja kunicheka na wewe?"

"Nimekuja kuona."

Alinitazama kidogo, kisha akanipeleka nyuma ya nyumba. Ilikuwa yapata saa kumi na nusu, jua liko magharibi wazi kabisa. Shamba zima lilikuwa limelipa jua mgongo. Maelfu ya vichwa, vyote vinatazama upande wa mashariki, kama watu waliogoma. Nimepita kando ya mashamba ya alizeti maisha yangu yote, Neema, na sikuwahi kuyaona.

Nilikwenda kumwita Mwalimu Lameki. Alikataa mara ya kwanza, akisema ana madaftari ya kusahihisha. Asubuhi yake akaja, na kwa sababu ni mwalimu hakukubali kwa kuangalia mara moja. Alichomeka vijiti mbele ya vichwa kadhaa vilivyofunguka na mbele ya vingine vilivyo bado kufunguka. Akaleta darasa la sita wakachora asubuhi, wakachora adhuhuri, wakachora jioni. Wazazi wakaja kutazama watoto wao wanafanya nini. Wanaume waliokuwa wakicheza bao waliacha bao. Siku tatu Ihanja nzima ilikuwa pembeni mwa shamba la Mama Khadija, wengine wakibishana kwa Kiswahili, wenye hasira kwa Kinyaturu. Vichanga viligeuka. Vilivyofunguka havikutikisika.

Wiki iliyofuata banda la mashine lilijaa hadi nje. Mwalimu Lameki hakufungua kitabu kwanza. Alisimama mbele, akamtafuta Mama Khadija kwa macho mpaka akamwona.

"Wiki iliyopita nilimwambia mama yetu kwamba kitabu hakiwezi kukosea," alisema. "Nilimkosea heshima. Alikuwa sahihi, kitabu kimekosea, na mimi nimekuwa nikifundisha nusu ya ukweli. Naomba radhi mbele yenu kama nilivyokosa mbele yenu."

Mama Khadija aliinamisha kichwa kidogo, hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Yule mzee aliyedakia alikuwa amekaa mlangoni. Akasema alikuwa anatania tu. Hakuna aliyemsikiliza.

Kuanzia siku ile sanduku la Ihanja halikutosha. Kila mtu alitaka kuona kwa macho yake mahali kitabu kilipokosea, na aliyeuona ukurasa wa arobaini na saba alianza kuwinda kosa lake mwenyewe. Fundi baiskeli aligundua kwamba mnyororo unaokatika kwenye ukurasa wa kumi na mbili unaendelea kuzunguka ukurasa wa kumi na tatu. Shehe na mwinjilisti, ambao hawakuwa na kawaida ya kukubaliana, walikubaliana kwamba mazishi ya baba yake kijana yalikwenda haraka mno. Dereva wa basi alibeba habari hadi mjini. Mgori wakasikia na kuvua vitabu nailoni. Wao wanafuga nyuki, na walikuwa na maneno mengi kuhusu ukurasa unaotaja asali. Mitundu mtendaji alinipigia simu kuuliza kama anaruhusiwa kufungua sanduku.

"Wananchi wanataka kulivunja," alisema.

"Lifungue, ndugu yangu. Lilikuwa la kufunguliwa."

Nilianza kurudi mjini na vitabu vilivyochakaa. Ilibidi nitoe tena sindano ya Mzee Yusufu. Kila nakala uliyoiweka mezani ilijifungua yenyewe ukurasa wa arobaini na saba, na pambizo zake zilikuwa nyeusi kwa vidole. Palikuwa na mafuta, chai, udongo mwekundu, na nakala moja ya Mgori ilinata kwa asali. Nilishona huku naimba.

Mama Khadija yeye hakuridhika. Siku moja alinifuata kwenye gari.

"Nina swali," alisema. "Wote wanasema kitabu kimekosea. Lakini mimi nilisikia tu kwa masikio. Kama mwalimu alisoma vibaya je? Nitakuwa nimemsingizia mtoto wa watu aliyeko mbali. Nataka nikisome mwenyewe ule ukurasa."

Alikuwa amesoma hadi darasa la tatu, akatolewa kulea wadogo zake. Herufi alizijua, ila zilikuwa zimemtawanyika. Nilimuuliza angependa nani amfundishe, akasema, "Aliyeniambia kitabu hakiwezi kukosea." Basi Mwalimu Lameki akawa anakwenda kwake kila siku baada ya vipindi. Hawakutumia kitabu cha chekechea. Walianza na ukurasa wa arobaini na saba na hawakutoka hapo. Mumewe, mtu wa utani, aliniambia nyumba yao sasa ina alizeti kuliko shamba.

Wakati huo nilikuwa nimemwomba Bwana Elia ruhusa ya kumwandikia mwandishi kabla hajaja. Alisita.

"Tumemwalika aje apongezwe, Bi Veronika. Tutamwambiaje kwamba amekosea?"

"Hivyo hivyo. Akija bila kujua akakuta wenyewe wanamsubiri, itakuwa vibaya zaidi."

Tuliandika barua ya heshima na kuambatanisha michoro ya darasa la sita. Jibu lilikuja fupi. Mwandishi alisema anashukuru wasomaji kwa shauku yao, lakini inajulikana duniani kote kwamba alizeti hufuata jua, na kwamba hata hivyo hadithi ni hadithi. Bwana Elia alilisoma mara mbili, akaikunja barua.

"Hatakuja," alisema.

Wiki moja baadaye likaja jibu la pili, fupi kuliko la kwanza. Nitakuja, lilisema. Msivune.

Mazao ya mwanzo yalikuwa yamekwisha kuinama, lakini Mama Khadija alikuwa na shamba la pili alilopanda kwa kuchelewa kwa sababu ya mvua, nalo lilikuwa limechanua kwa wakati ule hasa. Kilele tukakifanyia Ihanja, uwanja wa shule, mchana. Watu walitoka Mgori kwa lori na wa Mitundu walifika tangu jana yake. Mwandishi alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, mwenye suruali nyeupe ambayo nilijua haitarudi nyeupe. Mkaguzi naye alikuja, mama mnene mwenye faili, akakaa mstari wa mbele bila kucheka na mtu.

Hotuba zilikuwa mbili tu, nilipigania hilo. Kisha Mwalimu Lameki akamwita Mama Khadija. Alikuja mbele na kile kilemba cha kijani, mkononi kitabu kimefunguliwa tayari. Bendera ya shule ilisikika ikipigwa na upepo.

Alisoma. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, neno kwa neno. Kwenye neno "yakilisindikiza" alikwama. Mwalimu Lameki alifungua mdomo amsaidie, akaufunga. Mama Khadija alirudi mwanzo wa neno, akalivunja vipande, akalipita. Nilikuwa nimeshika mkono wa mtu niliyekaa naye na sikujua ni nani, baadaye nikaona ni yule mzee mdakiaji, naye machozi yanamtoka. Alipomaliza mstari wa mwisho alifunga kitabu, akamgeukia mwandishi.

"Baba, karibu Ihanja. Nimesoma mwenyewe, kwa hiyo sikusingizii. Hapa umekosea. Naomba tukaone."

Mwandishi alisimama. Watu wote wakasimama. Tulikwenda shambani msafara mzima, mkaguzi na faili lake katikati ya watoto. Jua lilikuwa limeshuka upande wa barabara. Mwandishi aliingia kwenye mistari akatembea, akazunguka, akalitazama jua, akatazama vichwa, akaenda mstari mwingine kana kwamba huko vitakuwa vingine. Alikaa ndani humo muda mrefu. Alipotoka suruali yake ilikuwa ya manjano hadi kiunoni kwa chavua.

"Mama," alisema, "niliandika ukurasa ule nikiwa ghorofani. Alizeti nilikuwa nimeziona kwenye picha. Nisamehe. Hata nilipojibu barua yenu nilikuwa bado ghorofani."

"Umeshashuka," Mama Khadija alimwambia.

"Nimeshuka. Lakini sasa nina taabu. Kijana wangu yumo humo ndani, mawingu yamefunga, binamu wanakuja. Atapita wapi?"

Mama Khadija hakufikiri hata kidogo. Alionyesha shamba kwa kidole.

"Afuate visogo."

Ilichukua pumzi mbili watu kuelewa. Nyuso zinatazama mashariki. Basi visogo viko magharibi, na magharibi ndiko kwenye barabara. Mwandishi alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye tuta, na shamba lote likacheka naye. Wanawake wakapiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika Ikungi. Kijana wa kwenye hadithi alikuwa ameokolewa, na aliyemwokoa alikuwa mkulima wa Ihanja.

Tuliporudi uwanjani, mkaguzi aliomba kuona vitabu. Nilimwekea sanduku mbele yake. Akatoa kimoja, kikajifungua chenyewe. Akatoa cha pili, cha tatu, vikajifungua mahali palepale, na cha tatu kilikuwa kile cha asali.

"Hivi vitabu ni vya msimu huu huu?" aliuliza. "Mbona viko hivi? Vimefanywa nini?"

Mimi nilikuwa nimejiandaa kujieleza, lakini Bwana Elia alinitangulia. Alikuwa na vumbi hadi kwenye kola na hakuwa amelipangusa.

"Vimesomwa, mama," alisema.

Mkaguzi alimtazama, akavitazama vitabu tena. Akaandika mstari mmoja kwenye faili lake. Masanduku yalibaki na gari likabaki. Gari lenyewe mnalijua, ndilo hilo mnalolisukuma kila Jumatatu.

Mwandishi alikuwa ameahidi kuusahihisha ukurasa ule, na aliporudi kwake alitimiza. Chapa mpya ilipotoka, ukurasa wa arobaini na saba ulikuwa umeandikwa upya na kijana anafuata visogo. Nilikipeleka kwa Mama Khadija mwenyewe. Alisoma ukurasa ule amesimama mlangoni mwa gari langu, safari hii bila kidole. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza, akasema huko kwingine alikuwa hajafika, akaingia nacho ndani.

Msimu uliofuata nilipokea barua kutoka Mgori, imeandikwa na kikundi cha wafuga nyuki na kutiwa sahihi na watu wote, wengine kwa dole gumba, wengine kwa mkono wa kujifunza. Waliomba kitabu kipya mapema. Waliandika: "Mwandishi wake pia aje, lakini aje amejiandaa."

Safari yangu ya mwisho kabla ya kustaafu nilipita Ihanja siku ya kusomewa. Nilikaa nyuma kabisa juu ya gunia, sikutaka wanitambue. Kitabu kilikuwa kipya, hakuna aliyekwisha kukisoma. Mwalimu Lameki alisoma ukurasa wa kwanza wote kwa ile sauti yake ya kufika barabarani. Alipomaliza hakufunua wa pili. Alishusha kitabu, akatazama banda lililojaa, akauliza, "Kuna anayepinga?"

Mikono ikanyooka kila upande. Ukurasa wa pili ulisomwa wiki iliyofuata.